Kuipima falsafa kwa lugha ya nyumbani: somo kutoka kazi ya Kwasi Wiredu

1. Swali la makala

Katika vyuo vyetu falsafa na maadili hufundishwa kwa Kifaransa. Mwanafunzi husikia maneno «vérité», «être», «personne» na «droit», huyaandika katika daftari lake, kisha huyarudisha siku ya mtihani. Akitoka ukumbini, anabishana na wenzake juu ya deni lisilolipwa, au juu ya jirani aliyemsingizia mwenzake, na ubishi huo anaufanya kwa Kiswahili. Asubuhi amejifunza maadili, na jioni anajadili maadili. Lakini maneno ya asubuhi na maneno ya jioni hayakutani.

Katika makala hii nataka kuuliza kinachotokea yakikutanishwa. Sikulianzisha swali hilo mimi. Mtu mmoja alilifanyia kazi maisha yake yote kama mwalimu na mtafiti wa falsafa: Kwasi Wiredu wa Ghana. Nitaeleza kwanza kazi yake, kisha njia yake, halafu nitaijaribu njia hiyo juu ya maneno manne ya Kiswahili: kweli, kuwa, mtu na haki. Mimi ni mwanafunzi wa isimu ya lugha za Kiafrika, si mwanafalsafa. Nitakayosema yatatoka upande wa lugha, na mwishoni nitaonyesha kwa nini naamini upande huo unahitajika.

2. Mwalimu na kazi yake

Wiredu alizaliwa mwaka 1931 mjini Kumasi, katika nchi iliyoitwa wakati huo Gold Coast. Lugha yake ya kwanza ilikuwa Kiakan. Alisoma sekondari katika Adisadel College, Cape Coast, kuanzia 1948 hadi 1952, na ndipo alipoanza kusoma vitabu vya falsafa, vya Plato na vya Bertrand Russell. Alimaliza masomo yake katika Chuo Kikuu cha Ghana, Legon, mwaka 1958, akaenda Oxford. Huko msimamizi wa tasnifu yake alikuwa Gilbert Ryle, na kati ya walimu wake walikuwemo Peter Strawson na Stuart Hampshire. Tasnifu hiyo ilihusu ujuzi, ukweli na akili.

Majina hayo yana uzito kwa sisi watu wa lugha. Oxford ya miaka ile ilikuwa na wanafalsafa walioamini kwamba matatizo mengi ya falsafa yanazaliwa na namna tunavyotumia maneno. Walichunguza maneno ya kila siku kama fundi anavyochunguza vyombo vyake. Wiredu alijifunza ufundi huo, lakini maneno yaliyochunguzwa pale yalikuwa ya Kiingereza.

Baada ya Oxford alifundisha mwaka mmoja Uingereza, katika chuo ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Keele, kisha akarudi Legon. Alikaa pale miaka 23, akawa mkuu wa idara na profesa kamili. Kuanzia mwaka 1987 alifundisha katika University of South Florida mjini Tampa, Marekani. Alifariki Januari 2022 akiwa na umri wa miaka 90. Vitabu vyake viwili vinavyojulikana zaidi ni Philosophy and an African Culture cha 1980 na Cultural Universals and Particulars cha 1996. Mwaka 2004 alihariri kitabu kikubwa, A Companion to African Philosophy, kilichowakusanya waandishi wengi wa bara hili.

Ukiitazama safari hiyo kwa nje, ni safari ya kawaida ya profesa: masomo, ualimu, uongozi wa idara, uhamiaji, vitabu. Upya wake uko katika swali alilolirudia tangu Legon hadi Tampa: je, tatizo hili la falsafa ninalolifundisha kwa Kiingereza bado ni tatizo nikiliwaza kwa Kiakan?

3. Njia yenyewe

Wiredu aliita kazi hiyo kuondoa ukoloni katika dhana. Hakutaka kutupa vitabu vya Ulaya, wala kusifu kila kilichotoka kwa mababu. Katika kitabu chake cha 1980 alikemea mambo matatu yanayoweza kuidhoofisha jamii yoyote, ya Kiafrika au nyingine: kung'ang'ania desturi ambazo wakati wake umepita, kuwanyima watu nafasi ya kuhoji wakubwa, na kueleza kila jambo kwa nguvu zisizoonekana. Aliyetafuta kwake sifa za upofu kwa mila hakuzipata.

Njia yake naweza kuieleza kwa hatua tatu. Kwanza, chukua dai la falsafa ulilofundishwa katika lugha ya kigeni. Pili, liseme katika lugha yako, na si kwa kukopa maneno, bali kwa maneno ambayo mtu angeyatumia kweli. Tatu, tazama kilichobaki. Likibaki tatizo lilelile, huenda ni tatizo la binadamu wote. Likiyeyuka, au likiwa maneno matupu, basi huenda lilikuwa tatizo la lugha ile tu.

Hata hapo hatua moja ilibaki, nayo ndiyo wengi huisahau. Dai kushindwa kusemeka katika Kiakan hakuonyeshi kwamba dai hilo ni la uongo, na dai kusemeka vizuri hakuonyeshi kwamba ni sahihi. Lazima zitafutwe sababu zinazoeleweka katika lugha zote mbili. Lugha ya nyumbani inafungua kesi tu. Hukumu inahitaji sababu.

Kabla yake walikuwepo waliotafuta falsafa ndani ya lugha za Kiafrika, na mmoja alianzia hapa kwetu. Placide Tempels, mmisionari wa Kifransisko kutoka Ubelgiji aliyeishi Katanga, alichapisha La philosophie bantoue mjini Élisabethville mwaka 1945, akidai kwamba kwa Wabantu kuwa ni nguvu. Mwaka 1956 padri Alexis Kagame wa Rwanda alitoa kitabu juu ya falsafa ya Kibantu ya Rwanda, akitumia sarufi ya Kinyarwanda: umuntu, ikintu, ahantu, ukuntu. Kwake ngeli hizo zilikuwa mafungu manne ya vyote vilivyopo. Kisha Paulin Hountondji wa Benin, aliyefundisha Kinshasa na Lubumbashi kati ya 1970 na 1972, aliwapinga wote wawili: falsafa haikai katika lugha ikimngoja mtafiti aichimbe kama madini, ni kazi ya watu wenye majina wanaoandika, wanaojibizana na kukosoana.

Wiredu anasimama kati yao. Pamoja na Hountondji anasema falsafa ni hoja. Pamoja na Kagame anasema lugha ina neno la kutuambia. Sasa tuone kama msimamo huo unashika katika Kiswahili.

4. Kweli

Mfano wa Wiredu unaotajwa zaidi ni ukweli. Kiakan kina neno «nokware», ambalo kwake linahusu zaidi ukweli wa mtu, kusema bila kudanganya. Kwa habari iliyo sahihi, Waakan husema «ɛte saa», yaani ndivyo ilivyo. Ulaya ina nadharia ya zamani isemayo kwamba sentensi ni kweli inapolingana na jambo lilivyo. Ukiisema nadharia hiyo kwa Kiakan, asema Wiredu, unapata kitu kama hiki: ndivyo ilivyo ikiwa ndivyo ilivyo. Nadharia haikukanushwa, imegeuka tu kuwa maneno yanayojirudia.

Kwa Kiswahili hali inafanana. Kifaransa kina «vrai» upande mmoja na «fait» upande mwingine, kwa hiyo mtu anaweza kuuliza uhusiano wa viwili hivyo na akaonekana ameuliza jambo zito. Mimi nikitaka kutafsiri, naandika: «Sentensi ni ya kweli inapolingana na ukweli wa mambo». Neno kweli limeingia pande zote mbili. Nikiliepuka, naandika: «Ni kweli kama mambo yako hivyo». Hilo kila mtoto analijua, na hakuna profesa anayehitaji kulitetea.

Lakini tusiishie hapo. Kiswahili hakigawi mambo kama Kiakan cha Wiredu kinavyogawa. Sisi tuna mzizi mmoja, kweli, kwa habari na kwa mtu. Tofauti inaonekana katika umbo: «ni kweli» yasemwa juu ya habari, «mkweli» juu ya mtu. Na upande wa kinyume, kwa sikio langu, «alichosema si kweli» haisemi lolote juu ya nia yake, ila «amesema uongo», ambao mjini kwetu wengi husema «bongo», inamshitaki. Mtu aliyetoa habari mbaya bila kujua ana haki ya kukataa sentensi ya pili huku akiikubali ya kwanza. Kwa hiyo tofauti ya kimaadili ambayo Wiredu aliiona katika maneno mawili ya Kiakan ipo pia kwetu, lakini inabebwa na muundo wa sentensi.

Wiredu hakukosa wapinzani nyumbani kwake. Alidai pia kwamba ukweli daima ni maoni, yaani jambo linaloonekana kutoka mahali fulani pa kutazamia. Bedu-Addo, Mghana mwenzake, alimjibu kwa kurudi kwenye Kiakan hichohicho. Hilo tulishike, kwa kuwa tutalihitaji baadaye: wasemaji wawili wa lugha moja walipata majibu mawili.

5. Kuwa

Descartes alisema anafikiri, kwa hiyo yuko. Kwake sentensi hii ilithibitisha kwamba nafsi inayofikiri ipo, na kwamba haihitaji mahali popote ili iwepo. Wiredu anaona shida. Kiakan husema kuwepo kwa «wɔ hɔ», na «hɔ» ni pale, mahali. Basi Mwakan anayesema yupo amesema yupo mahali. Nafsi isiyo na mahali inakuwa kitu kilichopo mahali bila kuwa na mahali. Kagame alikuwa ameona jambo la jirani katika lugha za Kibantu: ukisema tu «mimi ni», msikilizaji anangoja umalize. Wewe ni nini? Uko wapi?

Kwa haraka mtu anaweza kusema Kiswahili kinaunga mkono. Nipo, niko, nimo: viambishi vyote vitatu ni vya mahali, na tunawafundisha wanafunzi hivyo. Lakini tazama matumizi. Watu husema «Mungu yupo», na hakuna anayeuliza yupo mtaa gani. Mwalimu wa hesabu husema namba tasa zipo bila mwisho, na hakuna anayezitafuta kabatini. Asili ya kiambishi ni mahali, ila maana yake katika sentensi hizi si mahali tena. Kifaransa chenyewe kina «il y a», na ile «y» ni neno la mahali. Kama asili ya neno ingetosha, Mfaransa naye asingeweza kusema kuna nafsi isiyo na mahali.

Tena kuna Kiswahili tunachosema kweli Lubumbashi. Katika Kiswahili sanifu nasema «mimi ni mwanafunzi» lakini «niko nyumbani». Mjini tunasema «niko mwanafunzi», «niko mgonjwa», «niko kwetu», na pia «Mungu iko». Umbo moja limechukua kazi tatu: mahali, sifa na kuwepo. Mtu akimsikia Descartes akisema «minafikiri, njo maana niko», anaweza kumuuliza maswali yote mawili ya Kagame kwa pamoja: uko wapi, na uko nini?

Ninapata mafundisho mawili hapa. La kwanza ni kwamba hoja ya Wiredu juu ya «wɔ hɔ» haiwezi kuhamishwa hadi Kiswahili bila kazi mpya. La pili ni kwamba «Kiswahili» anachokipima mwanafalsafa lazima kitajwe: ni kipi, cha wapi, cha nani? Mtu akisoma kamusi sanifu tu atapata jibu moja. Akisikiliza soko la Kenya hapa mjini atapata jingine.

6. Mtu

Sasa tunaingia katika maadili kamili. Wiredu aliandika kwamba kwa Waakan maadili yanasimama juu ya mahitaji ya binadamu, hayangoji amri kutoka juu ili yawe na nguvu. Msingi wake ni kujiweka katika nafasi ya mwenzako kwa huruma na bila upendeleo. Bila hilo, alidai, hakuna jamii ya binadamu inayoweza kudumu, iwe wapi. Hapo ndipo aliposimama na watu wa ulimwengu wote: desturi za ndoa au mazishi hutofautiana, lakini kanuni hiyo haitofautiani.

Alichunguza pia neno «onipa», mtu. Linataja kiumbe binadamu, lakini pia linasifu. Mwakan anaweza kusema fulani ni mtu hasa, au fulani si mtu. Kwa hiyo utu una daraja, na mtu anaukuza kwa kutimiza wajibu wake kwa wengine. Ifeanyi Menkiti wa Nigeria alilisema jambo hilo kwa ukali zaidi mwaka 1984. Sisi hatuhitaji mkalimani: «huyu ni mtu kweli», «yule si mtu», na huku kwetu wazee husema bumuntu kwa kile ambacho vitabu vya pwani huita utu.

Hapa pana hatari ambayo haiko vitabuni tu. Kama utu una daraja, aliye chini kabisa ana nini? Tunajua sentensi inayosikika kabla ya umati kumpiga mwizi: «Huyu si mtu, ni nyama.» Mtu akiwa si mtu, kumchoma kunaonekana si kosa. Wiredu aliijibu hatari hiyo kwa imani ya Waakan kwamba kila binadamu ana «ɔkra», kile kinachompa uhai na heshima ambayo haipungui hata tabia yake ikiharibika. Ni jibu zuri, lakini linamhitaji msikilizaji aikubali ɔkra.

Naona lugha inaweza kutoa jibu jingine. Nikisema «mbuzi si mtu», nimetoa habari tu, tena habari isiyo na faida. Sijamlaumu mbuzi. Nikisema «jirani yangu si mtu», nimemlaumu. Sentensi zina muundo uleule. Tofauti imetoka wapi? Imetoka katika jambo ambalo sentensi ya pili inalichukulia kuwa limekubaliwa: kwamba jirani ni mtu, na kwa hiyo tulikuwa na haki ya kungoja mambo ya watu kutoka kwake. Lawama haina maana bila hilo. Basi anayepiga kelele «si mtu» juu ya mwizi amekwisha kukiri, kwa lawama yake mwenyewe, kwamba mwizi ni mtu. Hawezi kutumia maneno hayo kuwa ruhusa ya kumtendea kama mbuzi. Hoja hii haihitaji imani yoyote. Inahitaji kusikiliza sentensi vizuri. Nadhani inaweza kufundishwa shuleni.

Je, hatungeweza kupata jibu upesi zaidi katika ngeli, kama Kagame? Mtu yuko katika ngeli ya m-/wa-, kitu katika ki-/vi-. Basi sarufi yenyewe inatenga watu na vitu. Naogopa njia hiyo. Katika Kiswahili sanifu «mbwa anabweka» kwa upatanisho wa watu, na mbwa hakuwa mtu. «Kiongozi», «kijana» na «kipofu» vina ki- ya vitu, na hawakuwa vitu. Tena Lubumbashi tunasema «kitabu yangu» na «kiti yangu», upatanisho umepungua sana. Kama mafungu ya vyote vilivyopo yangekaa katika upatanisho, mkazi wa Lubumbashi angekuwa amepoteza tofauti ya mtu na kiti. Hakuna aliyewahi kumkalia mgeni wake kwa sababu hiyo.

7. Haki

Neno la mwisho ni langu, si la Wiredu, lakini nalichunguza kwa njia yake. Kifaransa kina «droit», kile ambacho mtu anaweza kudai, na «justice», hali ya mambo kuwa sawa. Wanafalsafa wa maadili huuliza kama mtu anaweza kuwa na haki ya kutenda lisilo jema. Kwa Kiswahili maneno yote mawili ni haki. Je, swali halijawa upuuzi? Haki ya kutenda lisilo haki?

Ukitazama neno peke yake, ndiyo, linagongana. Lakini sikiliza sentensi hii ambayo kila mpangishaji na kila mpangaji wanaielewa: «Ana haki ya kumtoa mpangaji, lakini kumtoa usiku wa mvua si haki.» Hakuna mgongano hata kidogo. «Kuwa na haki ya» ni dai la mtu. «Ni haki» au «si haki» ni hukumu juu ya tendo. Kamusi ina neno moja, sarufi ina miundo miwili, na dhana mbili zinakaa katika miundo hiyo. Swali la wanafalsafa halikuyeyuka. Linasemeka kwa Kiswahili, tena kwa ufupi.

Lakini Kiswahili kimeongeza kitu. Kwa kuwa neno ni moja, sentensi ile inauma. Mwenye nyumba akisema «nina haki», anayemjibu «lakini si haki» anamrudishia neno lake mwenyewe. Kifaransa kinaweza kumwacha apumzike katika «droit» bila kusikia «justice». Kiswahili hakimpi nafasi hiyo. Sidai kwamba hilo linathibitisha nani ana kosa. Nadai kwamba majadiliano yanaanzia mahali pengine, na mwalimu wa maadili anayefundisha watu wanaoishi kwa Kiswahili anapaswa kujua yanaanzia wapi.

8. Kwa nini mwanaisimu anahitajika

Nirudi kwenye jambo tuliloliweka kando. Kwame Gyekye, mwanafalsafa mwingine wa Legon na msemaji wa Kiakan, alibishana na Wiredu miaka mingi kuhusu ɔkra. Gyekye alisema ni roho isiyo na mwili. Wiredu alisema ni kitu kinachokaribia kuwa na mwili. Wote walizaliwa katika lugha hiyo, wote walikuwa wasomi wakubwa. Basi kuzaliwa katika lugha hakutoshi kumaliza ubishi. Kila mmoja alileta misemo iliyomsaidia, na misemo haikukosekana kwa upande wowote.

Kinachokosekana mara nyingi katika mabishano kama haya ni kazi ya kawaida ya idara yetu: kurekodi mazungumzo, kukusanya mifano mingi ya neno moja, kuona linaambatana na nini, nani analisema na wapi, na kutenga asili ya neno na maana yake ya leo. Katika mifano yangu minne, kila mara neno peke yake lilitudanganya na muundo ukatuonyesha njia: «ni kweli» na «mkweli», «yupo» bila mahali, «si mtu» kama lawama, «ana haki» na «si haki». Mwanafalsafa anayefungua kamusi tu atayakosa hayo. Mwanaisimu anayekusanya mifano tu bila kuuliza inathibitisha nini naye atabaki na sanduku la karatasi.

Kuna pia pingamizi dhidi ya Wiredu mwenyewe ambalo lazima tulipime kwa haki. Alitetea kuwaza kwa Kiakan, lakini aliandika vitabu vyake kwa Kiingereza. Wengine huona hapo kujipinga. Mimi naona mgawanyo wa kazi ambao hali yake ilimlazimisha: dai lililozaliwa katika Kiingereza lilipaswa kujibiwa mahali lilipozaliwa, mbele ya wenyewe. Hata hivyo, kazi hiyo ikiishia hapo, Kiakan kinabaki shahidi anayeitwa mahakamani bila kuruhusiwa kuketi na mahakimu. Bénézet Bujo wetu, aliyefundisha maadili Kinshasa na kisha Fribourg, Uswisi, alikumbana na jambo lilelile: aliandika kwa lugha za Ulaya juu ya baraza la kutafuta mapatano kama njia ya kufikia kanuni za maadili, na baraza hilo haliendeshwi kwa lugha za Ulaya.

9. Hitimisho na zoezi

Kazi ya Wiredu inaonyesha kwamba mwalimu wa falsafa anaweza kutumia miaka yake yote kwa swali moja na lisimwishie. Inaonyesha pia kwamba swali hilo haliwezi kujibiwa na idara moja. Napendekeza jambo dogo ambalo halihitaji fedha: katika kozi ya maadili, kila dhana kuu inayofundishwa kwa Kifaransa isemwe na wanafunzi katika lugha zao, Kiswahili, Kiluba, Kibemba, Kisanga au nyingine, na tofauti zijadiliwe palepale kabla ya mtihani. Na sisi wa isimu, tunapochagua mada ya kazi ya mwisho wa masomo, tusiogope maneno ya maadili kwa kudhani ni mali ya wanafalsafa.

Kwa wenzangu wanaotaka kujaribu, haya ni maswali manne ya kuanzia:

a) Tafsiri kwa lugha yako: «Mtu anaweza kufanya wajibu wake bila kuwa mwema.» Je, kuna neno la wajibu lisilobeba wema ndani yake?

b) Kusanya sentensi kumi ulizozisikia wiki hii zenye neno moyo au roho. Ni zipi zinazosema juu ya mwili, zipi juu ya tabia, na zipi juu ya uamuzi?

c) Katika lugha yako, kuomba msamaha na kukiri kosa ni kitendo kimoja au viwili? Onyesha kwa miundo, si kwa kamusi.

d) Chukua jibu lako la swali lolote hapo juu, umpe mwenzako anayesema lugha hiyohiyo. Asipokubaliana nawe, andikeni ni mfano gani ungeweza kuwapatanisha, kisha nendeni mkautafute kwa watu.